Sokwe wameacha minyoo chini ya mfenesi wangu

Maswali ya wasomaji: Mama Maabara anajibu

Mwezi huu barua nne zimeingia kwa njia tofauti na zote zinahusu vimelea vya wanyama, yaani minyoo na vijidudu vinavyoishi kwa kuunyonya mwili wa mwingine. Sishangai. Nilikaa miaka 19 katika chumba cha mabati kando ya msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, nikihesabu mayai ya minyoo kutoka kwa mbega, kima na sokwe, na kazi hiyo bado naipenda. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha.

*Binti yangu, salaam nyingi kutoka Hoima. Nyuma ya nyumba yangu kuna mfenesi alioupanda marehemu mke wangu. Tangu msitu wa bondeni ukatwe, sokwe wanakuja alfajiri, wanne au watano, wanakula mafenesi na kwenda zao. Wiki iliyopita mjukuu alinionyesha kinyesi walichoacha. Ndani yake mlikuwa na majani mazima, hayakutafunwa, na minyoo myeupe inajinyonganyonga. Mwanangu anasema tuukate mfenesi au tuweke sumu, maana watoto wanaokota mafenesi palepale. Je, sokwe hawa ni wagonjwa? Na wajukuu wangu wataambukizwa?*
*– Mzee wa Hoima*

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa wasiwasi. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, watoto wanaweza kuambukizwa, lakini njia ya kuwakinga unayo tayari mkononi, na mfenesi wa marehemu hauna haja ya kuanguka.

Kwanza yale majani. Yale ni dawa, mzee. Sokwe akisumbuliwa na tumbo hutafuta jani lenye vinywele, linalokwaruza kama msasa. Huliingiza mdomoni moja moja, hulikunja kwa ulimi na kulimeza bila kulitafuna, mara nyingi asubuhi kabla hajala kitu. Jani haliyeyuki. Linapita tumboni likiharakisha kila kitu mbele yake, na minyoo inatoka nalo. Nilipokuwa kazini nililikunjua jani moja la namna hiyo kwa kibano juu ya sahani ya kioo. Lilikuwa bado kijani, limekunjwa mara tatu kama barua inayotiwa kwenye bahasha, na katika mkunjo wa pili kulikuwa na minyoo miwili, myeupe, mirefu kama upana wa kucha ya kidole gumba. Bado ilikuwa hai. Nililitazama jani lile muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Minyoo ile tunaiita minyoo ya vinundu, kwa sababu inapokuwa michanga hujificha katika ukuta wa utumbo na kufanya vinundu. Kule Bulindi, ambako si mbali na kwako, watafiti waliandika mwaka 2012 kwamba sokwe wanaoishi katikati ya mashamba humeza majani hivi mara nyingi sana. Kwa hiyo sokwe wako si wagonjwa wa kufa. Ni wanyama wenye minyoo mingi wanaojitibu kadiri wanavyoweza.

Sasa kwa nini minyoo mingi? Hapa nivumilie kidogo, maana hapa ndipo jibu lote lilipolala.

Minyoo hii haikuanza juzi. Sokwe wa msitu mkubwa kabisa, ambao hawajaona jembe, wanayo. Tofauti iko chini, kwenye udongo. Yai la mnyoo wa vinundu likitoka na kinyesi bado haliwezi kumdhuru mtu yeyote. Linahitaji unyevu, joto na takriban wiki moja ndipo kile kitoto cha mnyoo kiwe tayari kumezwa. Minyoo mjeledi, ambayo ni aina nyingine ya minyoo ya utumboni, huchukua muda mrefu zaidi, wiki mbili au tatu, na jike lake moja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Yai lake ukiliona kwenye hadubini hutalisahau: limekaa kama kijipipa cha rangi ya chai, chenye kizibo huku na kizibo huku. Sokwe mwenye msitu mpana hujenga kitanda kipya karibu kila jioni, analala hapa leo, kesho yuko kwingine. Kabla hajarudi pale alipojisaidia, jua limeshapita, mvua imeshapita, mbawakawa wanaoviringisha mavi wameshachukua chao. Mayai mengi yanakufa bila kupata mwenyeji, yaani mnyama wa kuishi ndani yake.

Ukimkatia msitu ukamwachia ukanda wa miti kando ya kijito, hana pa kuzungukia. Atarudi kwenye mti uleule keshokutwa, na mfenesi wako umekuwa kama stendi ya teksi ambapo kila msafiri lazima akanyage. Wiki ile moja ambayo mnyoo aliihitaji anaipata, na mwenyeji anamrudia mwenyewe.

Kuna na njaa. Mnyama asiyeshiba, anayefukuzwa na mbwa na kurushiwa mawe, mwili wake haupigani vizuri. Mbega wekundu waliobaki katika vipande vya msitu nje ya Kibale walikutwa na minyoo zaidi kuliko wenzao wa ndani, na kinyesi chao kilikuwa na kotisoli zaidi, yaani ile homoni ambayo mwili huimwaga ukiwa katika dhiki. Sisi wa maabara tulikuwa tunaiona dhiki hiyo kama namba kwenye karatasi. Wewe unaiona alfajiri nyuma ya nyumba.

Tuje kwa wajukuu. Zamani ilidhaniwa kuwa minyoo ya vinundu huwapata watu Togo na Ghana tu. Mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Kibale ulionyesha kuwa watu wa vijiji vya pale wanayo pia, na kwamba aina mojawapo ni ileile iliyomo kwa jamii za nyani. Minyoo mjeledi vilevile: kuna aina zilizobaki kwa wanyama fulani tu, na kuna aina inayovuka kwenda kwa mtu. Na usidhani sokwe na mbega ndio wanaotuambukiza sisi tu. Mbega wekundu wa vipande vile walikutwa na jiadia, kile kidudu cha kuharisha, cha aina mbili: moja ni ile ya watu wa kijijini, nyingine ni ile ya mifugo. Mbega hanywi kwenye kikombe cha mtu wala hali zizini. Vilimfikia kwa maji na kwa udongo, kutoka kwetu.

Kwa hiyo fanya hivi, mzee wangu. Kila asubuhi mtu mzima apite chini ya mfenesi na jembe kabla watoto hawajaamka, afukie kinyesi palepale, kwa kina, mbali na kijito. Asikitupe kwenye bustani ya mboga kama mbolea. Mafenesi yaangue yakikaribia kuiva, usiyaache yadondoke, na yaliyodondoka yaoshwe kabla ya kupasuliwa, kisu nacho kioshwe. Watoto wavae ndala na wanawe mikono kwa sabuni. Dawa ya minyoo inayotolewa shuleni na vituo vya afya mwezi wa Aprili na wa Oktoba wasiikose, na kama mmoja anaharisha damu au anaumwa tumbo bila kupoa, mwite VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji, akuelekeze kituoni, usisubiri Oktoba. Halafu hakikisha choo chako kina mfuniko na kwamba hakuna wa nyumbani kwako anayekwenda kujisaidia kichakani, kwa sababu ni hapo sokwe wanapopokea minyoo ya kwetu.

Kuhusu sumu, mwambie mwanao nimemwomba kwa heshima asithubutu. Ni kosa kubwa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na sumu chini ya mti wa matunda inaua mtoto kabla ya sokwe. Lakini simlaumu kwa kuogopa. Sokwe wamewahi kuwashambulia watoto katika vijiji vya Bunyoro, wengine kwa majeraha mabaya, na mzazi anayesema haogopi anadanganya. Watoto wasiende chini ya mti peke yao alfajiri, na mkiwakuta sokwe msiwarushie kitu, rudini nyuma taratibu. Mpigie mwenyekiti wa LC, lile baraza la kijiji, ili awaite watu wa wanyamapori.

*Mama Maabara, niko Senior Five hapa Fort Portal. Mwalimu wetu alisema msitu ukikatwa wanyama hupungua, na wanyama wakipungua vimelea navyo hupungua. Lakini nimesikia kuwa Kibale ilikuwa kinyume. Nani yuko sahihi?*

Mwanangu, mwalimu wako ana nusu ya jibu, tena nusu nzuri.

Kuna vimelea wanaohitaji wenyeji wawili. Tegu fulani wa jamii ya nyani, kwa mfano, lazima apite kwanza ndani ya kijidudu kidogo kama utitiri kinachoishi kwenye udongo na majani yaliyooza, kisha mnyama akimeze kijidudu hicho kwa bahati. Ukikausha msitu ukamwondoa mwenyeji mmoja kati ya wawili, mnyororo umekatika, na kimelea anaweza kutoweka hata kama nyani bado yupo. Huko mwalimu yuko sahihi. Lakini minyoo mjeledi na ya vinundu haina haja ya mtu wa kati. Inatoka kwa mnyama, inakaa udongoni, inarudi kwa mnyama. Hiyo ndiyo inayoshangilia msongamano.

Na Kibale unaweza kuiona kwa macho, kwa sababu uko karibu, nenda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, msitu ukiwa bado hifadhi ya miti na si hifadhi ya taifa (hiyo ilikuja 1993), baadhi ya vitalu vilikatwa mbao na vingine vikaachwa. Kitalu cha K-30 hakikuguswa kwa mbao. K-15 kilikatwa vibaya mwaka 1968 na 1969. Ni vya msitu uleule, mvua ileile, mwendo wa miguu kutoka kimoja hadi kingine. Ukiingia K-30 unatembea chini ya dari, ardhi imetulia. Ukiingia K-15 unakutana na vichaka vya miiba hadi kifuani na njia za tembo, na miti mpaka leo haijasimama kama ilivyokuwa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa kima wa mkia mwekundu katika msitu uliokatwa walikuwa na minyoo ya aina nyingi zaidi, na wanyama wengi zaidi waliambukizwa, kuliko wa msitu usioguswa, ingawa kima wenyewe huko ni wachache. Vitoto vya minyoo vilivyo tayari kumezwa navyo vilionekana zaidi kwenye mimea ya msitu uliokatwa. Mbega, wekundu kwa weupe, hawakuonyesha tofauti ya namna hiyo. Kwa nini? Maoni yangu ya miaka yote ile ni kwamba kima ana kila namna ya chakula na hushuka chini kwenye vichaka bila kusita, wakati mbega hukaa juu na majani yake. Lakini mbega yuleyule mweke nje ya hifadhi, katika kipande cha miti kilichozungukwa na mihogo na chai, uone.

Huko nje kulifanyika jambo lililonifundisha kuliko hadubini. Watafiti walipima kila kitu kuhusu vipande vile: ukubwa, umbali kutoka msitu mkubwa, idadi ya mbega. Kilichotabiri minyoo ya mbega wekundu vizuri kuliko vyote kilikuwa ni visiki. Kipande chenye visiki vingi kilikuwa na minyoo mingi. Fikiria kisiki ni alama ya nini. Mtu alikuja pale na panga, akashinda kutwa nzima akichoma mkaa au akichemsha pombe ya waragi, na mahali pale hapana choo. Kesho akarudi. Ukihesabu visiki unahesabu siku ambazo watu wameshinda ndani ya nyumba ya mbega.

Tulipotoka kwenda kuokota sampuli, miaka ya mwanzo, nasi tulikuwa tunaingia kichakani tukibanwa, kama kila mtu. Hakuna aliyetukataza na sikujua kuwa ni kosa. Baadaye tukaanza kubeba kijembe na kuchimba shimo la sentimita 30, tufukie, kama wageni wanavyoamriwa wanapokwenda kuwaona gorila wa Bwindi. Kile tulichokifanya kabla ya hapo bado kinaniuma, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kwanza ambaye angepaswa kujua.

*Mama, sisi tunaishi karibu na Buhoma, ukingoni mwa msitu wa Bwindi. Shambani tumesimamisha sanamu la kutisha wanyama, tumelivika shati kuukuu la mume wangu na blanketi. Mlinzi amekuja kutuambia tulivue kwa sababu ya gorila. Shati linamdhuru vipi gorila?*

Dada yangu, livue leo, na usingoje mlinzi arudi.

Mwaka 1996 kikundi cha gorila wa Bwindi waliozoezwa watalii kilipata upele, upele huuhuu tunaoujua, wa kijidudu kinachochimba ngozi. Manyoya yaliwanyonyoka, wakajikuna hadi vidonda. Mtoto wao mchanga alikufa. Waliobaki walipona baada ya kutibiwa kwa ivermektini. Daktari wa mifugo aliyekwenda kuwatibu, Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, alifuatilia hadi vijijini, na inaaminika kuwa upele ulitoka kwenye nguo chafu za watu, zile zinazovikwa masanamu ya mashambani. Gorila hutoka msituni kula migomba, na kitoto cha gorila kina udadisi kama wa mwanao. Kinashika, kinanusa, kinavuta nguo. Kutokana na msiba ule daktari huyo alianzisha mwaka 2003 shirika la Conservation Through Public Health, ambalo linatibu watu na kuchunguza gorila kwa pamoja.

Gorila wa mlimani walikuwa 1,063 kwa hesabu iliyotangazwa 2019. Hakuna mtoto wa ziada wa kupotea kama yule. Fukuzeni kwa makelele, na waiteni vijana wa HUGO, wale wa kujitolea wanaowarudisha gorila msituni. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu anayejikuna usiku, nendeni wote kituo cha afya, wote, kwa sababu upele hautibiwi kwa mtu mmoja.

*Mimi ni dereva wa boda Kasese. Kama minyoo inawasumbua wanyama hivi, kwa nini serikali isiwachanganyie dawa kwenye maji wote wakapona? Halafu swali dogo: mbwa wangu ananifuata hadi ukingoni mwa hifadhi. Naye apewe dawa?*

Ndugu yangu, roho yako ni nzuri, lakini hapana. Huwezi kujua nani kanywa kiasi gani, na dawa ikitolewa ovyo minyoo inaizoea, kama ilivyotokea kwa mbuzi na kondoo sehemu nyingi. Madaktari wa gorila huingilia pale tu ugonjwa unapotishia uhai au umesababishwa na binadamu. Mengine wanamwachia mnyama.

Tena wanyama wanafanya zaidi ya tunavyodhani. Mbega wekundu wa Kibale wenye minyoo mjeledi walifuatiliwa, na matokeo yalitoka 2015. Walipumzika zaidi na kula magome ya miti zaidi, na miongoni mwa miti hiyo imo inayojulikana kuwa na dawa. Niliwahi kusimama chini ya mbega jike akibandua gome kwa meno, vipande vinaniangukia begani, na sampuli yake ya asubuhi ile ilikuwa imejaa vile vijipipa nilivyomweleza Mzee wa Hoima. Ukimwagia dawa majini lakini ukakata mti ule, umempa nini?

Na kimelea naye ana haki ya kuwa alipo, ingawa najua wengi hawapendi nikisema hivi. Kuna nzi mmoja mkubwa, inasemekana ndiye mkubwa kuliko nzi wote wa Afrika, ambaye hawezi kuishi bila faru. Anataga mayai kwenye ngozi ya kichwa chake, mabuu yanakulia tumboni mwa faru, yanatoka na mavi, yanajifukia udongoni, na nzi anayetoka huko huishi siku chache tu bila kula kitu. Faru wa porini walipomalizwa Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyemwandika nzi huyo katika hasara. Faru wa hifadhi iitwayo Ziwa kule Nakasongola, walioletwa kuanzia 2005, walitoka Kenya na Marekani. Mnyama mmoja akiondoka haondoki peke yake.

Mbwa wako ndiyo, mpe. Mpeleke kwa ofisa wa mifugo wa wilaya, apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu na achanjwe kichaa cha mbwa. Ukienda kupaki boda ukingoni mwa hifadhi, mfunge nyumbani.